Kaa wa Karoli

Kaa walifika Minago, kijiji cha Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, Jumatano alasiri, ndani ya matenga mawili, wamefungwa magando kwa kamba na kufunikwa magunia mabichi. Kabla pikipiki haijazimwa, nusu ya majirani walikwishajaa uani kwa Karoli. Hawakuja kwa njaa. Walikuja kuhakikisha. Kwa miaka kumi na tano, tangu aliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, Karoli alikuwa akiwasimulia habari za kaa wa pwani wakubwa kuliko sahani, na kwa miaka kumi na tano walikuwa wakimcheka. Kaa waliowajua wao ni wale wadogo wanaojificha chini ya mawe ya ziwa, ambao hata paka hahangaiki nao.

Karoli alichuchumaa, akafunua gunia, akamtoa mmoja kwa kumshika nyuma, mbali na magando. Alikuwa na gamba pana la rangi ya matope yenye ukijani, zito, linalong'aa kwa unyevu. Watu wakarudi nyuma hatua mbili.

"Eh! Kumbe kweli iko mukubwa," alisema Nestori, fundi baiskeli wa pale barabarani, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kucheka.

"Huyu ni dume," alisema Karoli, akamgeuza. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyesubiri darasa lake muda mrefu. "Tazameni tumboni. Kifuniko hiki chembamba, kimechongoka, ndiyo alama ya dume. Jike chake ni kipana, humo ndimo anamobebea mayai. Haya, hesabuni meno ya gamba kuanzia jichoni. Tisa upande huu, tisa upande ule. Na miguu hii miwili ya nyuma, mnaiona ilivyo bapa? Hiyo ndiyo kafi yake. Ya mbele ya kutembelea, hii ya kuogelea."

Waliinama wakahesabu. Yalikuwa tisa. Karoli akanogewa.

"Anaishi kwenye matope ya mikoko, bahari inapojaa na kupwa. Anachimba shimo refu kuliko mkono wa mtu mzima. Maji yakijaa anatoka kuwinda, yakipwa anarudi shimoni kwake."

"Mikoko ni kintu gani?" aliuliza mkewe, Agneta.

"Miti. Inaota ndani ya maji ya chumvi."

Nestori akapiga paja. "Hapo sasa! Karoli, mimi nilimwaga chumvi chini ya mugomba mara moja tu, ukakauka wote. Miti inaotaka mu chumvi?"

Uwanja mzima ukacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Agneta. Hakucheka kwa ubaya. Alimpenda mumewe, ila alikuwa amezoea kumcheka kama mtu anavyozoea kutia pilipili kwenye mboga. Karoli alitabasamu, akamrudisha kaa mahali pake, akafunika gunia. Alikuwa na jambo jingine la kueleza kuhusu chumvi na wanyama hawa, na lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote, lakini aliona atachekwa tena. Akanyamaza.

Laiti angesema. Lakini mtu aliyechekwa miaka kumi na tano hujifunza kufunga mdomo, na hujifunza siku ile ile ambayo hakupaswa.

*

Mwenye kaa hasa alikuwa Madamu Kaoutar, mwenye hoteli moja ya ufukweni kule Rumonge mjini. Mwanawe Hakimu alikuwa anaoa binti wa Dar es Salaam, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, watu ishirini na kitu. Madamu hakutaka waje wakute mukeke, samaki wa ziwa, wa kukaanga tu kama msafiri yeyote anayeshuka kwenye basi. Alitaka waone mezani kitu cha kwao, waseme kwamba Warundi wanajua kupokea watu. Aliagiza kaa arobaini.

Shauri la kaa lilimfika Karoli kupitia Schékinah. Huyu alikuwa binti wa Agneta kwa mume wa kwanza aliyefariki, na Karoli ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minane. Alikuwa amefanya kazi jikoni hotelini miaka miwili, akiosha masufuria na kukata vitunguu, bila karatasi yoyote. Kila asubuhi alipanda minibasi kwenda Rumonge bila kujua kama ataambiwa aingie au arudi kwao. Siku Madamu aliposema jikoni kwamba hajui nani atamtunzia kaa wazima mpaka Jumamosi, Schékinah alifuta mikono akasema, "Papa yangu anaziyuaka hizo, Madamu."

Karoli aliitwa. Alivaa shati la kanisani.

"Bwana Karoli, unawajua kweli, ao ni maneno ya mutoto?"

"Nimekaa nao miaka kumi na mmoja, Madamu. Delta ya Rufiji, kwenye ghala la mnunuzi. Kazi yangu ilikuwa kuwachagua. Mzima huku, mgonjwa huku, aliyenona huku, aliyejivua gamba juzi na bado yuko majimaji ndani huku. Aliyenona unambonyeza hapa tumboni, habonyei."

Madamu Kaoutar alimtazama kwa makini. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua mtu anayejua kitu anavyosimama. "Sawa. Wakwe zangu wakikula vizuri Jumamosi, Jumatatu huyu mutoto anakuja mu biro yangu, anasinya kontra. Mwaka muzima. Nimesema."

Kontra. Schékinah alirudi na neno hilo nyumbani akalitamka mara tatu. Maana yake ni mkataba, na mshahara wa kila mwezi, hata ukiugua siku mbili. Maana yake ni kwamba mlinzi wa langoni hawezi tena kukuambia leo hapana kazi, rudi. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuwa na kitu cha aina hiyo.

Ilikubaliwa kaa walale Minago, kwa sababu jiko la hoteli lilikuwa la moto kama tanuri, na chumba cha nyuma cha Karoli, cha matofali ya udongo, kilikuwa na giza na baridi. Schékinah akaandikishwa kwenye daftari la hoteli kuwa ndiye aliyepokea, akaruhusiwa kubaki nyumbani kuwalinda. Mbele ya neno *responsable*, yaani mwenye dhamana, aliandika jina lake kwa mwandiko wa shule.

*

Alhamisi asubuhi Madamu alipiga simu. Karatasi ya dovana, ya forodha, ilikuwa na upungufu wa muhuri mmoja, na yeye hakutaka mtu aje kumharibia sherehe kwa ajili ya muhuri. Karoli aende mpakani Mugina, amalize, arudi siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka Karoli alitengeneza ndoo ya maji, akamimina ndani yake chumvi yote ya kopo.

"Yoo! Chumvi yote ile kwa hizi nyama zenye magando?" Agneta alilalamika. "Ndagala zangu nitazitia nini?"

"Nitanunua nyingine. Sikilizeni. Wakae humu gizani. Maji haya mnanyunyizia magunia asubuhi na jioni, basi. Msiwatie majini. Mmenielewa? Msiwatie majini."

"Sababu ya nini?" aliuliza Agneta.

Karoli alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango. Pikipiki ilikuwa inangoja. "Nyunyizia tu, mama Schékinah. Nitakueleza nikirudi."

Mpaka saa nne mambo yalikuwa shwari. Kisha wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa, pamoja na Agneta wakapita. Wale hawakuwapo jana, walikuwa Gitaza kununua samaki, na walikuwa wamesikia. Wakaomba kuona. Na hapa lazima nimtetee Agneta kidogo kabla ya kumlaumu: ilikuwa mara yake ya kwanza kujivunia maneno ya mumewe. Kila mara alikuwa mke wa yule Mtanzania mwenye porojo. Leo porojo zilikuwa na magando. Alitoa matenga yote mawili akayaweka uani kwenye mwanga, akafunua magunia, akawaonyesha dume na jike, akawahesabia meno tisa na tisa. Wanawake walishika midomo. Mmoja akamwita mwingine, huyo akaenda kumwita wa tatu. Saa ikapita, na nusu nyingine, na jua la Minago halina simile.

Walipoondoka, Schékinah ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, njo uone. Ziko zinatoka povu."

Ilikuwa kweli. Midomoni mwa kaa palikuwa na mapovu madogo meupe, yanavimba na kupasuka kwa sauti ndogo ya kuchemka. Walikuwa wamelegea. Agneta akanyunyiza maji ya ndoo, akanyunyiza tena, mapovu yakazidi.

"Ziko zinakufa kiu," alisema.

"Tuzirudishe mu giza, mama. Papa alisema giza."

"Giza itaondoa kiu? Ewe mutoto, mimi nimezaliwa juu ya ziwa hii. Kintu ya mayi ukiitosha inje ya mayi inakufa. Hata wewe unajua."

"Tumupigie papa, basi."

Simu ilikuwa mfukoni mwa blauzi yake, na ilikuwa na uniti za kupigia. Agneta aliishika. Alimwona Karoli upande wa pili akianza: mikoko, kujaa na kupwa, ghala la Rufiji, miaka kumi na mmoja. Akairudisha mfukoni.

"Papa yako ataanza kutusomea kilaso kama mwalimu, na nyama ziko zinakufa. Kamata tenga."

Walibeba matenga hadi ufukweni, chini ya nyumba, mahali ambapo Agneta huosha ndagala. Waliyazamisha penye kina cha magoti, wakayafunga kwenye jiwe kwa kamba. Na jambo lililomdanganya Agneta ni kwamba mapovu yaliisha papo hapo. Kaa walianza kuchezesha miguu. Ile kafi ya nyuma, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona ikifanya kazi, ikaanza kupiga maji taratibu. Agneta akacheka kwa furaha akimshukuru Mungu, kanga imelowa mpaka kiunoni.

"Ona! Ona, zimefufuka! Imana ishimwe! Iko kintu gani inaishi mu mayi, halafu mayi inaiua?"

Jioni walikwenda kuwatazama, wakawakuta wametulia. Agneta alisema wamelala. Karoli hakurudi siku hiyo. Wiki ile mafuta yalikuwa yameadimika tena, na minibasi aliyopanda ilikwama Nyanza-Lac kwenye foleni ya magari iliyoanzia kituo cha mafuta mpaka njia panda. Alituma ujumbe kwamba atafika Ijumaa. Schékinah alimjibu: *Kaa wazima*. Aliandika hivyo kwa sababu aliamini.

*

Ijumaa alfajiri Agneta alishuka peke yake. Maji yalikuwa tuli. Alivuta kamba, na tenga likaja jepesi, au yeye aliona hivyo. Akaingiza mkono bila kuogopa magando, akamtoa wa kwanza. Miguu ilikuwa inaning'inia kila upande ilikoelekezwa. Akamtoa wa pili. Wa tatu. Alipofika wa kumi na tano alianza kusema nao kwa Kirundi, akiwabembeleza kama wagonjwa. Kati ya arobaini, wawili tu walichezesha ncha ya mguu, na hao nao walinyamaza kabla jua halijapanda.

Schékinah alimkuta ameketi kwenye mchanga, amewapanga mistari kama anavyopanga ndagala zake. Binti hakulia wala hakumgombeza mama yake. Alisema tu, "Niliandika jina yangu mu ile buku," akageuka akarudi nyumbani.

Karoli alifika saa sita, na karatasi yenye muhuri mfukoni. Aliona nyuso zao, akaona chumba cha nyuma kitupu, akateremka ziwani bila kuuliza. Agneta alimfuata. Alitegemea makelele. Alitamani makelele.

Karoli aliokota mmoja, akambonyeza tumboni pale alipozoea, akambonyeza mwingine.

"Mliwaweka lini?"

"Jana, jua kali. Walikuwa wanatoka povu, Karoli. Niliwahurumia."

"Povu ni pumzi yao. Akiwa nje ya maji anapumulia unyevu alionao, unafanya povu. Ukimrudisha kivulini anatulia." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huyu ni wa chumvi, Agneta. Chumvi iko mpaka kwenye damu yake. Ukimtia kwenye maji matamu kama haya, yanamwingia, yanamwingia, mpaka yanamshinda. Nje ya maji angekaa hata siku tano, baridi na unyevu tu. Hicho ndicho nilichotaka kusema Jumatano."

"Mbona hukusema?"

Karoli alimtazama mkewe. Akaanza kuwarudisha kaa tengani mmoja mmoja, na Agneta akakumbuka mwenyewe. Aliisikia sauti yake ikicheka uani kuliko za wengine wote. Alitamani kuirudisha kooni na hakuna mahali pa kuipata.

*

Madamu Kaoutar aliwapokea Karoli na Schékinah kwenye baraza la jikoni, mbele ya wapishi watatu na msichana wa kupanga meza. Hakuwaambia wakae. Hema la harusi lilikuwa limekwisha kusimamishwa, na vijana walikuwa wakifunga vitambaa vyeupe kwenye nguzo. Karoli aliweka matenga chini. Hayakuwa na haja ya kufunuliwa, harufu ilikuwa imekwisha kutangulia.

Madamu alifunua hata hivyo. Alitazama muda mrefu.

"Wallahi," alisema polepole. "Kutoka Dar mpaka Kigoma wazima. Kigoma mpaka mupaka wazima. Wanakuja kufia Minago." Akachukua daftari kwenye meza, akafungua, akaweka kidole. "Schékinah. Hii ni jina ya nani?"

"Yangu, Madamu."

"Nani alizitia mu mayi? Maana hata mimi naona, hizi zimelala mu mayi."

Njiani ndani ya minibasi Karoli alikuwa amemwambia binti neno moja tu: "Utanyamaza." Schékinah hakuelewa. Sasa alifungua mdomo aseme, kwa sababu alikuwa amelelewa kusema kweli, na ile kweli ilikuwa yake na ya mama yake. Karoli akamtangulia.

"Ni mimi, Madamu."

"Wewe?"

"Mimi. Jana asubuhi, kabla ya kwenda mpakani. Yeye alinikataza. Alisema papa tusiwatie majini, tungoje. Nikamwambia nyamaza, mimi ndiye ninayejua. Nikawatia."

Madamu alikunja uso. "Bwana Karoli, unanifanya mujinga? Uliniambia hapa hapa, umekaa nao miaka kumi na mumoja. Muntu wa miaka kumi na mumoja hajui mayi ya ziwa itaziua?"

Hapo palikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na Karoli aliuona. Wapishi walikuwa wameacha visu.

"Nilidanganya, Madamu. Sijawahi kufika pwani. Huko Tanzania nilikuwa kambini, Ulyankulu, nikilima tumbaku. Habari za kaa niliziokota kwa watu. Nilitaka tu mwanangu apate kazi."

Kila mtu pale alisikia. Mpishi mkuu, aliyekuwa mwenyeji wa Minago, alitoa kicheko kwa pua. "Nilijua! Miti inaotaka mu chumvi!" Wenzake wakacheka naye, wakiinamia vitunguu. Msichana wa meza akaziba mdomo kwa kitambaa. Karoli alisimama na shati lake la kanisani, mikono ikiwa imeshikana mbele, akacheka kidogo pamoja nao, kwa adabu, kama mtu aliyekamatwa kweli.

Schékinah alitazama chini. Alimjua mtu yule tangu akiwa na miaka minane. Alijua alama ya kovu kwenye kidole gumba chake cha kushoto, mahali gando lilipombana, na alijua kwamba tumbaku haibani vidole.

Madamu Kaoutar alifunga daftari. Alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu. "Mutoto hana kosa, basi. Mutoto alikukataza. Wewe, Bwana Karoli, pesa ya kazi hakuna, na usirudi kwenye mulango yangu. Muongo wa namna yako sijaona. Muzee muzima." Kisha akamgeukia mpishi. "Mutume muntu kwa wavuvi. Mukeke, wakubwa, wote walionao. Nitafanya nini mimi?"

*

Wakwe wa Dar es Salaam walikula mukeke. Schékinah, aliyekuwa akipeleka sahani, aliwasikia wakisifu. Hawakuwahi kula samaki mtamu namna ile, walisema, na bibi mmoja mnene wa upande wa bibi harusi aliomba afungiwe wengine wa kuondoka nao. Kaa wangewapa wa nini, wamejaa kwao. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kaa walioagizwa, na hakuna aliyeuliza. Madamu Kaoutar alipita katikati ya meza akipokea shukrani, na Schékinah alikwenda nyuma ya jiko akasimama peke yake mpaka aliposikia anaitwa.

Jumatatu alisinya kontra. Ilikuwa kurasa mbili, na nakala yake aliibeba ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Nyumbani mama yake aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote ingawa Kifaransa hakijui.

Hadithi ya Karoli ilifika Minago kabla ya kontra. Mpishi mkuu aliileta kwa baiskeli. Nestori aliipokea kama mali. Sasa Karoli akipita kwenye karakana, aliitwa. "Karoli we! Kaa iko na meno ngapi?" Naye alijibu, "Sijui, bwana," akaendelea na njia. Watu walicheka zaidi kwa sababu hakugombana. Waliokuwa wamehesabu meno tisa kwa macho yao wenyewe walisema kumbe alikuwa ameyahesabu kwa siri kabla yao, ili kuwafundisha. Hata kilimo cha tumbaku walianza kukitilia shaka.

Agneta aliyasikia hayo kwenye vichanja vya ndagala, siku baada ya siku. Wanawake walimpa pole. "Umevumilia, mama Schékinah. Kuolewa na muntu wa uongo si kazi ndogo." Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili aliiona ile karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo, akaufunga. Alijifunza ugumu wa kunyamaza unapojua, na alijifunza uzeeni, kwa gharama ya mtu mwingine. Alikuwa na kweli yote mkononi na hakuweza kumpa hata mtu mmoja.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, walikuwa wawili tu uani. Schékinah alikuwa kazini. Agneta alipika ugali wa mihogo na ndagala kwa mawese, akamwekea Karoli sehemu kubwa, akakaa mbele yake kwenye mkeka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Hakugusa chakula.

"Baba Schékinah."

"Naam."

"Unielezee ile miti. Mikoko. Na ile shimo, vile mayi inajaa na kaa inatoka. Unielezee yote, tangu mwanzo. Niko nasikiliza. Sitacheka."

Karoli alimega tonge, akalifinyanga, akalishika bila kulichovya. Jirani hakuwapo, mlango wa ua ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu wa kumwogopa wala wa kumdanganya. Agneta aliinamisha kichwa mbele kidogo, kama anayesogea ili asikie vizuri.

"Mikoko gani?" alisema Karoli kwa upole. "Mimi nilikuwa nalima tumbaku, mama Schékinah."

Agneta alidhani anatania. Alimtazama machoni akingoja yale maneno yaje nyuma ya utani, kama yalivyokuwa yakija zamani, hata pasipoombwa. Hayakuja. Kwa miaka kumi na tano mtu huyu alitaka asikilizwe na mtu mmoja tu, na mtu huyo alipopatikana, yeye alikuwa amekwisha kujifunza kutosema. Agneta akaanza kulia, bila kujificha, mikono imelala mapajani.

Karoli alisogeza bakuli la ndagala karibu naye.

"Kula," alisema. "Ugali unapoa."